Gramu Mia na Tisini

Nishani ilifika forodhani siku ya Jumanne
ndani ya kijisanduku cha mbao, imelazwa juu ya mahameli,
na afisa mwenye mafua akaiinua kwa vidole viwili
kama mtu anayetoa panya mtegoni.
"Dhahabu?"
"Sijui. Sijaiuma."
"Ya nani?"
Ya Tsimafei Hrynko, dereva wa basi la umeme,
njia namba nane, hapa hapa Hrodna,
miaka ishirini na mitatu bila ajali.
"Mwenyewe yuko wapi, aje atie saini?"
Nikamtazama. Akatazama viatu vyake.
Anajua. Mji mzima unajua.
Akaiweka mizanini: gramu mia na tisini.
Ushuru nikaulipa kwa pesa ya buti za baridi.

Huko kaskazini walikoitoa
binti yetu Yadviha alisimama jukwaani kwa koti la kuazima,
akasikiliza maneno marefu:
uhuru wa kimsingi, dhamiri, haki ya kukusanyika kwa amani.
Sina ugomvi nayo. Ni maneno mazuri, yamepigwa pasi.
Ila mume wangu hakuwa nayo mdomoni usiku ule.
Alikuwa na kidole tu, na kitufe cha mlango.

Mvua ilikuwa inanyesha. Vijana walikuja mbio, marungu nyuma yao.
Taa ya barabarani ilikuwa ya kijani, naye hakuondoka.
Akafungua milango yote mitatu
wakamiminika ndani kama viazi gunia likipasuka,
mmoja na kiatu kimoja, mmoja amekumbatia fidla,
akangoja, akangoja,
akafunga mbele ya kofia za chuma.
Kisha akatangaza, kama kila siku:
"Kituo kinachofuata, Kiwanda cha Sukari. Shikilieni vyema."
Hiyo ndiyo hotuba yake, yote.
Wakampa miaka saba.

Siku hizi mimi ni mwanafunzi wa mizani.
Gereza hupokea kifurushi kimoja kila miezi mitatu,
kilo tano, isizidi hata kwa unyoya.
Mara moja mlinzi alitoa kitunguu kimoja
akanirudishia kwa adabu, kwa mikono miwili.
Nililia kitunguu hicho njia nzima, na sikuwa nimekimenya.

Sokoni watu hunibonyeza mkono kati ya kabichi na kabichi,
hunong'ona: atatoka sasa, dunia imemwona.
Imemwona, ndiyo.
Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
dunia iliubeba jioni moja, kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika glasi.
Nasema bila uchungu.
Au kwa uchungu kidogo.
Maana yuko bibi mmoja wa huko aliyeniandikia kwa mkono,
na mahali alipotaja jina la Tsimafei
wino ulikuwa umetota,
nikaona haya kwa niliyomdhania.

Nilitaka kumpelekea nishani yake ailalie.
Chuma hakiruhusiwi. Kioo hakiruhusiwi.
Chochote kinachong'aa hakiruhusiwi.
Ikakaa kwenye droo, pamoja na vijiko na mshumaa wa dharura.

Hadi jana usiku, nilipokuwa nafunga kifurushi cha Machi.
Mizani ya mama mkwe, ile ya sahani mbili,
mawe yake madogo yamepotea zamani;
nikahitaji kitu ninachokijua uzito wake.
Nikaiweka nishani sahani ya kushoto.
Kulia nikamimina majani ya chai,
polepole, chembe kwa chembe,
mpaka ule mkono wa shaba ukaacha kutetemeka.

Kitaondoka hivyo kesho, na vingine vyote baada yake.
Mlinzi atachungulia ndani ya pakiti, atanusa, atapiga muhuri.
Na Tsimafei, namjua, ataandika
katika mistari sita anayoruhusiwa:
chai ya safari hii nzito, umebadilisha duka?

Nitamjibu: duka ni lile lile.
Shikilia vyema.